Picha za Wachoraji Mashuhuri na Manufaa Yake kwa Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyomo humu yanahusu picha chache tu, kwa sababu picha moja iliyofuatiliwa tangu ilipochorwa hadi inapotundikwa leo hufundisha zaidi kuliko orodha ndefu ya majina. Mwanzoni zinazotajwa ni za Ulaya, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa zaidi, kisha majibu yanahamia Afrika Mashariki na Kongo.

Kwa nini Mona Lisa ni mashuhuri kuliko picha nyingine zote?

Sababu ya kwanza imo katika kazi yenyewe. Leonardo da Vinci, aliyezaliwa mwaka 1452 karibu na mji mdogo wa Vinci nchini Italia, alianza kuichora yapata mwaka 1503 juu ya ubao wenye kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53 tu, na anayeonekana humo ni Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence. Hakuna mstari unaotenganisha shavu na kivuli chake. Rangi nyepesi sana zimepakwa tabaka juu ya tabaka mpaka mwanga unazama kivulini bila kuonyesha ulipoishia, na kwa sababu hiyo mtazamaji hawezi kuapa kama mwanamke huyo anaanza kutabasamu au anamalizia. Mwenye kuiagiza hakuwahi kukabidhiwa. Leonardo alikuwa nayo alipohamia Ufaransa mwaka 1516 kwa mwaliko wa Mfalme François wa Kwanza, na baada ya hapo ikawa mali ya wafalme wa nchi hiyo.

Sababu ya pili haihusiani na uchoraji hata kidogo. Tarehe 21 Agosti 1911, fundi wa Kiitaliano aitwaye Vincenzo Peruggia, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza vioo vya kukinga picha katika jumba la makumbusho la Louvre, aliiondoa ukutani na kwenda kuificha chumbani kwake Paris. Magazeti ya nchi nyingi yaliichapisha picha hiyo siku baada ya siku, polisi wakamhoji hata mchoraji Pablo Picasso, na watu wakapanga foleni kwenda kutazama nafasi tupu ilipokuwa imetundikwa. Ilipatikana Desemba 1913 Florence, Peruggia alipojaribu kumuuzia mfanyabiashara wa sanaa. Kabla ya wizi huo, waliojua habari za Mona Lisa walikuwa hasa wasomi na wapenzi wa sanaa. Baada yake, hata asiyejua jina la mchoraji mwingine yeyote alilijua hilo. Jambo hili haliipunguzii picha ubora wake, ila linafaa kumpa ahueni mtu aliyesimama mbele yake katikati ya umati wenye simu juu, asione cha ajabu, akadhani kwamba yeye hana jicho la sanaa.

Je, Mona Lisa inaweza kuuzwa?

Haiwezi. Louvre lilikuwa jumba la wafalme, na Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyolifungua kwa umma kama makumbusho tarehe 10 Agosti 1793. Tangu hapo, mwananchi wa kawaida alikuwa na haki ya kutazama kilichokuwa kikionwa na wageni wa mfalme pekee, na sheria ya Ufaransa ya leo hairuhusu mali ya makumbusho ya taifa kuuzwa. Wanaokadiria bei yake kila mwaka wanajifurahisha tu.

Je, picha iliyouzwa kwa bei kubwa kuliko zote ndiyo bora kuliko zote?

La. Bei ya mnadani huonyesha kwamba usiku mmoja, katika ukumbi mmoja, walikuwapo angalau matajiri wawili waliokitaka kitu kilekile. Mnamo Novemba 2017, picha ya Kristo inayoitwa Salvator Mundi, iliyonadiwa kwa jina la Leonardo, iliuzwa New York kwa dola za Marekani milioni 450.3, bei ambayo picha nyingine haijawahi kufikia mnadani. Picha hiyo ilikuwa imeharibika sana na kukarabatiwa sana, na wapo wataalamu wanaotilia shaka kiasi cha mkono wa Leonardo mwenyewe ndani yake. Tangu siku hiyo haijaonyeshwa kwa umma. Jamii haiwezi kunufaika na picha isiyoonekana, hata kama bei yake ingetosha kujenga hospitali kadhaa.

Je, ni kweli kwamba Vincent van Gogh aliuza picha moja tu maishani mwake?

Habari hiyo imerahisishwa kupita kiasi. Picha yake ya shamba la mizabibu jekundu ilinunuliwa Brussels mwaka 1890 na mchoraji mwenzake, Anna Boch, kwa faranga 400, lakini miaka minane kabla ya hapo ami yake alikuwa amemlipa kwa michoro ya mji wa The Hague. Lililo kweli ni kwamba aliishi kwa fedha za mdogo wake, Theo, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa sanaa Paris, na kwamba katika miaka kumi hivi ya kazi alichora picha za mafuta zaidi ya 800 ambazo karibu hakuna aliyezitaka.

Sehemu ya kisa hiki inayosahaulika ni ile iliyofuata kifo chake mnamo Julai 1890. Theo naye alifariki miezi sita baadaye, akamwacha mjane, Johanna van Gogh-Bonger, mwenye umri wa miaka 28, mtoto mchanga, na nyumba iliyojaa picha za shemeji. Alishauriwa aachane nazo. Yeye alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kulaza wageni ili apate riziki, akaanza kuziazimisha picha hizo kwa maonyesho, kuuza chache mahali zitakapoonekana na nyingi, na kuzihifadhi zilizobaki pamoja. Mwaka 1905 aliandaa maonyesho makubwa Amsterdam. Mwaka 1914 alichapisha barua za Vincent kwa Theo. Mwaka 1924 alikubali, kwa shingo upande, kuliuzia jumba la sanaa la taifa la London picha ya alizeti aliyoipenda mno. Mwanawe ndiye aliyeziweka zilizosalia chini ya wakfu, na makumbusho yake yakafunguliwa Amsterdam mwaka 1973. Kwa maoni yetu, anayeuliza sanaa hupataje kuifaa jamii aanze na mwanamke huyu, kwa kuwa picha zilezile zilizokosa wanunuzi zilihitaji mtu wa kuzitunza na kuzipigania miaka thelathini na zaidi kabla hazijawa mali ya wote.

Picha hizi zilikuwa na kazi gani kabla ya kuwekwa katika makumbusho?

Nyingi zilikuwa kazi za kuagizwa, zenye mkataba na malipo. Mfano mzuri ni ile inayojulikana kama Lindo la Usiku, aliyoikamilisha mchoraji Mholanzi Rembrandt mwaka 1642 kwa ajili ya ukumbi wa kikosi cha mgambo wa mji wa Amsterdam. Wanamgambo walichangia takriban gilda 100 kila mmoja, zaidi au pungufu kulingana na nafasi aliyopewa katika picha. Wachoraji wengine wa wakati huo waliwapanga watu kama hao safu kwa safu, sura zote zikitazama mbele. Rembrandt aliwachora wakiwa katika pilikapilika za kuondoka: nahodha ananyoosha mkono, mmoja anashindilia bunduki, ngoma inapigwa, mbwa anabweka. Jina la usiku lilikuja baadaye, baada ya vanishi kuwa nyeusi, kwani tukio lenyewe ni la mchana.

Mwaka 1715 picha hiyo ilihamishiwa katika ukumbi wa mji, na kwa kuwa haikuenea ukutani, ilikatwa pande zote nne. Vipande hivyo havijaonekana tena. Leo imo katika makumbusho ya Rijksmuseum, ambako tangu mwaka 2019 wataalamu wamekuwa wakiichunguza na kuitunza ndani ya chumba cha vioo, mbele ya macho ya watazamaji. Jamii ileile iliyoikata kwa kisu ili ienee ukutani sasa inalipia mafundi, kemia na kompyuta ili isipotee chembe moja ya rangi, na mchoraji mwenyewe, aliyefilisika mwaka 1656, alizikwa mwaka 1669 katika kaburi la kukodi lisilojulikana lilipo.

Je, picha imewahi kuzuia vita?

Hapana, na anayeidai sanaa kazi hiyo anaionea. Tarehe 26 Aprili 1937, siku ya Jumatatu, ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco, aliyeiasi serikali, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, katika eneo la Wabaski kaskazini mwa nchi hiyo. Picasso, aliyekuwa Paris, alikuwa amekwisha kuombwa na serikali ya Jamhuri ya Hispania kuchora picha ya banda lake katika maonyesho ya kimataifa ya mwaka huo, naye hakuwa amepata wazo. Siku chache baada ya kusoma habari za shambulio hilo alianza michoro ya kwanza, na mwezi Juni kazi ilikuwa imekwisha: picha yenye kimo cha karibu mita 3.5 na urefu wa mita 7.8, ya nyeusi, nyeupe na kijivu, rangi za gazeti. Haina ndege, haina bomu, haina bendera ya upande wowote. Yupo mama aliyebeba maiti ya mtoto, farasi aliyechomwa mkuki, mtu anayeungua, ng'ombe dume aliyesimama, na taa. Kwa kuwa haikumtaja adui, imebaki ikisema juu ya kila mji uliopigwa mabomu baada yake.

Franco alishinda. Picha ilitembezwa nchi mbalimbali kuchangisha fedha za wakimbizi, kisha ikahifadhiwa New York, na Picasso alisisitiza kwamba isirudi Hispania mpaka uhuru wa wananchi urejeshwe. Ilirudi mwaka 1981, yeye akiwa amekwisha kufariki miaka minane nyuma, na sasa imo katika makumbusho ya Reina Sofía, Madrid. Nakala yake iliyofumwa kwa nyuzi ilitundikwa kwenye mlango wa ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mnamo Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani alipokwenda hapo kutetea hoja ya vita dhidi ya Iraki, nakala hiyo ilifunikwa kwa pazia la buluu. Maofisa walisema ni kwa ajili ya kamera za televisheni. Iwe hivyo au vinginevyo, kitambaa kilichofumwa kilionekana hakifai kuwa nyuma ya wasemaji siku hiyo, na huo ni uwezo ambao hotuba nyingi hazina.

Afrika ina nafasi gani katika historia hiyo ya Ulaya?

Nafasi kubwa, ingawa aghalabu haina majina. Mwaka 1907 Picasso alitembelea makumbusho ya Trocadéro, Paris, akaona vinyago vya Kiafrika vilivyokusanywa katika enzi ya ukoloni, na athari yake inaonekana katika nyuso za picha yake ya wanawake watano wa Avignon, ya mwaka huohuo, ambayo huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya uchoraji wa kisasa. Tunalijua jina la aliyetazama, hatuyajui majina ya waliochonga. Kutokana na mfano huo tunashauri kwamba kila mwenye kumiliki kazi ya sanaa, hata ya fundi wa jirani, aandike nyuma yake jina la msanii, mahali na mwaka.

Je, Afrika Mashariki ina wachoraji mashuhuri?

Inao, na mashuhuri kuliko wote pengine ni mtu ambaye hakusomea sanaa darasani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alifanya kazi mashamba ya mkonge huko Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama, ndege na mashetani juu ya mbao nyepesi za dari zilizokatwa miraba, kwa rangi za kupaka baiskeli zilizopatikana madukani. Rangi hizo hung'aa na hazichanganyiki kwa urahisi, na mtindo wote ukazaliwa humo: umbo moja kubwa, mistari iliyo wazi, nyuma rangi moja. Picha ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu, akiwa amechora miaka minne tu, lakini tayari alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa zake, ambao waliwafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Wapo wanaolalamika kwamba picha za Tingatinga zimekuwa bidhaa za watalii zinazorudiwarudiwa. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini ni haki pia kukumbuka kwamba huo ni mtindo wa uchoraji uliolisha familia nyingi na kusomesha watoto kwa zaidi ya nusu karne bila ruzuku, jambo ambalo hata Van Gogh hakuliweza akiwa hai.

Kabla yake alikuwapo Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere, na baadaye kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika London. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka 1960. Mwenzake wa Makerere, Elimo Njau, alichora kwenye kuta za kanisa la Anglikana la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, maisha ya Yesu yakiwa katika vilima na migomba ya Wakikuyu. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na waumini wanaoingia humo hukuta mateso ya Kristo yakitendeka katika nchi wanayoijua.

Je, picha inaweza kuwa kumbukumbu ya historia?

Jibu bora liko Lubumbashi, Kongo. Katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa mji huo wa migodi waliwauzia wafanyakazi na makarani picha za bei nafuu, nyingi zikichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, za kutundika sebuleni. Ziliitwa picha za ukumbusho. Iliyopendwa sana ilionyesha mfungwa wa enzi ya Wabelgiji akichapwa fimbo mbele ya gereza, mzungu akisimamia na wake wa wafungwa wakitazama. Mgeni alipoingia, picha hiyo ilitosha kuanzisha mazungumzo ya jioni nzima.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1947, alitaka kuchora zaidi ya tukio moja. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, picha takriban 100 zinazosimulia historia ya nchi yake tangu kale hadi wakati wake, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga. Alijiita mwanahistoria. Katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba alichora misalaba mitatu kwa mbali, na damu ya marehemu ikitiririka ardhini ikaandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mambo hayo hayakuweza kusemwa hadharani chini ya Mobutu, wala hayakuandikwa hivyo katika vitabu vya shule. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchoraji huyo hajulikani alipo, na picha hizo zimo katika makumbusho ya Amsterdam yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum, ambayo sasa ni Wereldmuseum. Yaani Mkongo anayetaka kuiona historia ya nchi yake iliyochorwa na mwenzake, na kuelezwa kwa lugha anayoisema, inambidi aombe viza.

Kwa nini serikali itumie fedha kwa sanaa ilhali hospitali hazina dawa?

Dawa zitangulie, hilo halina ubishi. Lakini dhana kwamba watu walio katika shida hawahitaji picha haijathibitishwa na watu wenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, picha za jumba la sanaa la taifa la London zilihamishiwa Wales, baadaye katika machimbo ya mawe ya Manod, ili zisiteketezwe na mabomu. Mwanzoni mwa mwaka 1942, barua iliyochapishwa gazetini iliomba kwamba, kwa kuwa mji umeharibika, wakazi wake waruhusiwe kuona angalau picha mpya ya Rembrandt iliyokuwa imenunuliwa. Uongozi ulikubali, kisha ukaanzisha utaratibu wa kurudisha picha moja kila mwezi, na wananchi wakaenda kuitazama picha hiyo moja katika jumba tupu, mji ukiwa bado katika hatari ya mabomu.

Picha ikiuzwa tena kwa bei kubwa, mchoraji hupata chochote?

Inategemea nchi. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1920 ya kumpa msanii au warithi wake sehemu ya bei kila picha inapouzwa tena sokoni, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 2001. Kenya iliingiza haki hiyo katika sheria yake ya hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019. Mchoraji asiyeweka kumbukumbu za mauzo yake, hata hivyo, atapata shida kuidai.

Je, kuitazama picha kwenye simu hakutoshi?

Kunatosha kuijua, hakutoshi kuipima. Simu huzifanya picha zote kuwa na ukubwa mmoja, ilhali Guernica inamzidi mtazamaji kimo mara mbili na Mona Lisa ni ndogo kuliko mlango wa kabati. Rangi ya Van Gogh, iliyopakwa nene hadi ikaacha matuta, huonekana bapa kabisa kwenye kioo cha simu.

Mwanangu anataka kusomea uchoraji, nimwelekeze wapi?

Chuo Kikuu cha Makerere kina shule kongwe ya sanaa, yenye jina la mwanzilishi wake, Margaret Trowell. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha sanaa za uchoraji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Nje ya vyuo, Nafasi Art Space iliyoko Mikocheni, Dar es Salaam, huwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi na umma mahali pa kuzitazama. Kabla ya kulipa ada yoyote, mpeleke kwanza kwa mafundi wa Tingatinga kule Oysterbay, akae nao wakati wa kazi, aone jinsi rangi inavyopakwa, bei inavyokubaliwa na mteja anavyokataa.